Royal Ivey: Kutoka Benchi la Akiba hadi Ukocha wa Taifa

Royal Ivey ni kocha wa mpira wa vikapu, Mmarekani mzaliwa wa Harlem jijini New York, aliyecheza chuoni miaka minne na katika ligi ya NBA misimu kumi kabla ya kuingia kwenye ukocha. Mwaka 2021 alikabidhiwa mikoba ya timu ya taifa ya wanaume ya Sudan Kusini. Miaka mitatu baadaye timu hiyo ilikuwa kwenye Olimpiki, ikimenyana na Marekani, nchi yake Ivey mwenyewe. Na mashabiki wa Nairobi wana sababu yao ya kulikumbuka jina hilo. Mwaka huohuo wa 2021, mjini Kigali, vijana wa Ivey ndio waliowabandua Morans, timu ya taifa ya Kenya, kwenye AfroBasket, mashindano ya vikapu ya mataifa ya Afrika, pointi 60 kwa 58. Tofauti ya kikapu kimoja tu.

Ivey hakuwa nyota. Katika misimu yake yote ya NBA, wastani wake ulikuwa pointi tatu na ushei kwa mechi. Mara nyingi mechi ilianza akiwa ameketi, na si mara chache ilimalizika akiwa bado ameketi. Swali la mazungumzo haya basi ni hili: mchezaji wa akiba huupata wapi ujuzi wa kuwanoa wachezaji wenye vipaji kumzidi? Jibu kwa ufupi ni kwamba aliupata palepale alipoketi. Jibu refu linataka safari yake ifuatwe hatua kwa hatua: shule, chuo, ligi, benchi la ukocha, na hatimaye timu ya taifa.

Hatua ya kwanza ni shule. Ivey alizaliwa tarehe 20 Desemba 1981 na kukulia Queens, New York, jiji ambalo vijana wake wengi hujifunza vikapu kwenye viwanja vya wazi vya mitaani. Msikilizaji aliyesoma upande wa magharibi wa Nairobi, iwe Upper Hill, Lenana au Nairobi School, anaujua mchezo wa namna hiyo. Jua likiwaka, sakafu inachoma. Mvua ikinyesha, mpira unateleza na mazoezi yanavunjika. Kijana anayekulia kwenye uwanja kama huo hujifunza mapema kwamba akianguka atachunika goti, kwa hiyo huzoea kusimama imara kwa miguu yake.

Baada ya kusoma sekondari Queens, Ivey alikwenda Blair Academy, shule ya bweni katika jimbo la New Jersey. Huko alikutana na mvulana mrefu, mpole, mdogo kwake kwa miaka mitatu, aliyekuwa ametokea London. Jina lake Luol Deng. Wasikilizaji walishike jina hilo, kwa maana bila Deng hadithi hii isingefika Afrika Mashariki kamwe.

Deng alizaliwa Wau mwaka 1985, wakati Sudan ilikuwa bado nchi moja na vita vinaendelea. Familia yake ilikimbilia Misri, na huko akakutana na Manute Bol, jitu la Kidinka lililokuwa limeshacheza NBA, ambaye aliwafundisha watoto wa wakimbizi vikapu. Kutoka Misri familia ilipewa hifadhi Uingereza, na akiwa na miaka 14 Deng akavuka bahari kwenda Blair. Hivyo ndivyo kijana wa Queens na kijana wa Wau walivyovaa jezi moja. Urafiki wa shule ya bweni, kama wanavyojua waliolala mabweni, hauishi kengele ya mwisho ikilia.

Hatua ya pili ni chuo. Mwaka 2000 Ivey alijiunga na Chuo Kikuu cha Texas, mjini Austin, chini ya kocha Rick Barnes. Hapa inafaa kueleza kidogo jinsi vikapu vya vyuo vinavyoendeshwa Marekani, maana ni tofauti na desturi ya Nairobi. Kule, vyuo vina ligi zao, na kila Machi timu bora huingia kwenye mashindano ya mtoano. Ukipoteza mechi moja unafunga mizigo. Kocha wa chuo huwafuata vijana wakiwa bado sekondari, huketi sebuleni na wazazi wao, huwaahidi masomo pamoja na mchezo. Akishawapata, ana miaka minne tu ya kuwalea. Kazi yake nusu ni ya kocha, nusu ni ya mwalimu wa zamu.

Kocha wa ligi ya kulipwa hana sebule ya kuketi. Anakabidhiwa watu wazima wenye mikataba, wengine wakilipwa kumzidi yeye, na ratiba ya mechi 82 kwa msimu. Hawezi kumwambia mtu wa miaka 34 akimbie uwanja mzima kama adhabu. Lazima amshawishi. Tofauti hiyo kati ya kulea na kushawishi ina uzito wake, na itarudi baadaye katika mazungumzo haya.

Chuoni Ivey alipewa kazi ambayo wachezaji wengi huikwepa, nayo ni kumkaba mfungaji hatari wa timu pinzani. Kazi hiyo haina picha gazetini. Mkabaji huinama, makalio chini, uzito kwenye vidole vya miguu, mkono mmoja mbele. Haangalii mpira, kwa sababu mpira unadanganya. Haangalii macho, nayo yanadanganya. Anaangalia kiuno, kwa kuwa mtu hawezi kwenda mahali bila kiuno chake. Na ili amzuie mfungaji, lazima awe amemsoma kabla ya mechi: anapenda kugeukia upande gani, huchoka dakika gani, akikasirika hufanya nini. Mkabaji mzuri, msikilizaji, ni kocha nusu tayari, ingawa yeye mwenyewe huenda hajajua.

Mwaka 2003 Texas walifika nusu fainali ya mashindano ya vyuo, hatua ambayo chuo hicho hakikuwa kimeifikia tangu 1947. Walitolewa na Syracuse, timu ya Carmelo Anthony, ambayo ndiyo iliyotwaa ubingwa. Mwaka uliofuata Ivey alihitimu na kuingia kwenye mchujo wa NBA, ambapo klabu huita wachezaji wapya kwa zamu. Luol Deng, aliyekuwa amecheza mwaka mmoja tu katika Chuo Kikuu cha Duke, aliitwa wa 7. Royal Ivey aliitwa wa 37. Marafiki wawili wa bweni moja, mchujo mmoja, lakini milango tofauti. Deng aliingia kwa mlango wa mbele, akawa nguzo ya Chicago Bulls na kuchaguliwa mara mbili kwenye mechi ya nyota wote. Ivey aliingia kwa mlango wa nyuma.

Hatua ya tatu ni ligi. Timu iliyomchukua Ivey ni Atlanta Hawks, na msimu wake wa kwanza ulikuwa wa kusikitisha: Hawks walishinda mechi 13 kati ya 82. Hebu msikilizaji apige picha ya kijana aliyetoka kushangiliwa chuoni, sasa anapoteza mechi wiki baada ya wiki, kutoka vuli hadi majira ya kuchipua. Wapo wanaovunjika hapo. Ivey alidumu. Baada ya Hawks alichezea Milwaukee Bucks na Philadelphia 76ers, akarudi Bucks, akaenda Oklahoma City Thunder, akarudi tena 76ers, akapita China katika klabu ya Guangdong, kisha akamalizia Thunder mwaka 2014. Thunder hii isichanganywe na Nairobi City Thunder, klabu ya kwanza ya Kenya kucheza Ligi ya Vikapu ya Afrika, mwaka 2025.

Kwa nini klabu ziliendelea kumchukua mchezaji asiyefunga sana? Kwa sababu alikaba, alijua mipango yote ya timu, na hakununa alipoachwa nje. Mwaka 2012 alikuwa katika kikosi cha Thunder kilichofika fainali ya NBA, pamoja na Kevin Durant, Russell Westbrook na James Harden, vijana ambao baadaye wote watatu walitawazwa wachezaji bora wa ligi. Miami Heat waliwashinda. Ivey alikuwa karibu na vipaji hivyo kila siku ya mazoezi, akiona kinachowafanya wasikilize na kinachowafanya wafunge masikio.

Hapa kuna mfano wa karibu. Katikati ya jiji la Nairobi, kule Kirinyaga Road ambako wengi bado wanaita Grogan, kila fundi wa magari ana kijana wake. Kijana huyo hashiki injini. Kazi yake ni kumulika tochi na kupitisha spana. Fundi akinyoosha mkono bila kugeuka, kijana anaweka spana namba kumi kiganjani. Mwezi wa kwanza anakosea, anakemewa. Mwaka wa pili haambiwi tena namba, kwa kuwa ameshajua boliti gani inafuata. Siku fundi akiugua, kijana anaingia chini ya gari mwenyewe, na mwenye gari anashangaa amejifunzia wapi. Alijifunzia kwenye mwanga wa tochi. Benchi la akiba ni mwanga huo wa tochi. Aliye uwanjani anamwona mtu mmoja aliye mbele yake. Aliye benchi anawaona wote kumi, na akiwa na nia anaona pia kocha anaona nini.

Lakini neno muhimu hapo ni nia. Wapo wanaoketi benchi wakihesabu dakika wanazonyimwa, na miaka ikipita hawana walichojifunza ila uchungu. Benchi hufundisha anayetazama tu.

Hatua ya nne ni benchi la ukocha. Mwaka 2014, mara tu alipoacha kucheza, Ivey aliajiriwa kuwa kocha msaidizi wa Oklahoma City Blue, timu ya daraja la chini inayolea wachezaji wa Thunder. Katika daraja hilo safari ni ndefu, mishahara midogo, na kumbi mara nyingi hazijai. Kocha msaidizi hufika ukumbini kabla ya wachezaji na kuondoka baada yao. Hukata vipande vya video za wapinzani, huandika muhtasari wa nani anapenda nini, huokota mipira na kumrushia mchezaji mmoja mara mia huku akimsahihisha kiwiko. Kisha mechi ikianza, kocha mkuu ndiye anayeonekana kwenye televisheni.

Kutoka Blue alipanda hadi New York Knicks mwaka 2016, timu ya jiji lake la kuzaliwa. Baadaye akawa msaidizi Brooklyn Nets, na tangu 2023 Houston Rockets. Msikilizaji ataona mpangilio: kama alivyokuwa mchezaji wa akiba, ndivyo alivyokuwa kocha wa akiba, yaani msaidizi. Hakuruka ngazi. Alichokuwa hajapata ni timu ya kuamua mwenyewe, na hiyo ikatoka mahali ambapo hakuna aliyepatarajia.

Hatua ya tano basi ni Sudan Kusini. Nchi hiyo ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011 na kujiunga na FIBA, shirikisho la vikapu la dunia, mwaka 2013. Watu wake ni miongoni mwa warefu zaidi duniani, lakini Juba haikuwa na hata uwanja mmoja wa ndani wa vikapu unaofaa mashindano ya kimataifa. Vipaji vilitawanyika pamoja na wakimbizi: Kakuma, Kampala, Cairo, Melbourne, Perth, Minnesota. Familia nyingi zilikaa Nairobi pia, na watoto wao wakasoma katika shule za huku. Mwaka 2019 Luol Deng, akiwa amestaafu kucheza, alichaguliwa rais wa shirikisho la vikapu la Sudan Kusini. Akaanza kupiga simu dunia nzima akiwatafuta wachezaji, na gharama nyingi akazibeba kutoka mfukoni mwake.

Na timu hiyo mpya ilianzia wapi safari yake? Ilianzia Nairobi. Januari 2020 jiji hili liliandaa mchujo wa awali wa kanda kuwania AfroBasket. Sudan Kusini walikuja wakiwa na Deng mwenyewe kama kocha. Tikiti ilibaki kwa wenyeji Kenya, na wageni wakaondoka mikono mitupu. Ingeishia hapo, ila Algeria walijiondoa baadaye na Sudan Kusini wakapewa nafasi yao. Bahati ilibisha hodi, wao wakaukuta mlango uko wazi na kuingia. Walifuzu.

Baada ya hapo Deng alijua anahitaji kocha wa kazi hiyo, akamkumbuka mwenzake wa Blair. Mwaka 2021 Ivey akakubali. Kazi hii aliifanya huku akiendelea kuwa msaidizi katika NBA, kwa hiyo nafasi kubwa ya kuwa na timu ilikuwa miezi ambayo ligi hiyo iko likizo.

Mtihani wa kwanza mkubwa ulikuwa AfroBasket mjini Kigali, Agosti na Septemba 2021. Kenya nao walikuwepo, wakirejea kwenye mashindano hayo mara ya kwanza tangu 1993, mwaka ambao Nairobi ndiyo iliyokuwa mwenyeji. Morans walikuwa na kocha Liz Mills wa Australia, mwanamke wa kwanza kuongoza timu ya taifa ya wanaume kwenye AfroBasket. Chini yake, mjini Yaoundé, Kenya walikuwa wamewaduwaza Angola 74 kwa 73 kwa mrusho wa mwisho wa Tylor Ongwae. Basi mjini Kigali, Kenya ya Mills na Sudan Kusini ya Ivey zikakutana kuwania robo fainali. Matokeo yameshatajwa: 60 kwa 58. Mechi ya pointi chache namna hiyo huamuliwa na ukabaji, na ukabaji ndiyo lugha aliyoizungumza Ivey tangu Texas. Sudan Kusini walisonga mbele, wakatolewa na Tunisia katika robo fainali.

Kutoka hapo mambo yalikwenda kasi. Katika mchujo wa Kombe la Dunia, Sudan Kusini walishinda mechi 11 na kupoteza moja tu. Februari 2023 waliwafunga Senegal mjini Alexandria, Misri, na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kukata tikiti ya mwaka huo. Kombe lenyewe walilicheza Ufilipino. Walianza kwa kupoteza dhidi ya Puerto Rico katika muda wa nyongeza, wakawashinda China, wakapigwa vibaya na Serbia, wakawashinda wenyeji Ufilipino. Mechi ya mwisho, tarehe 2 Septemba 2023, ilikuwa dhidi ya Angola, mabingwa wa Afrika mara nyingi kuliko nchi nyingine yoyote. Sudan Kusini wakashinda 101 kwa 78. Ushindi huo uliwafanya timu bora ya Afrika kwenye kombe hilo, na zawadi yake ilikuwa tikiti ya moja kwa moja ya Olimpiki ya Paris. Nchi ilikuwa na umri wa miaka 12.

Julai 2024, baada ya kambi ya mazoezi Kigali, walikwenda London kucheza mechi ya kirafiki na Marekani. Upande wa pili walikuwa LeBron James, Stephen Curry na wenzao. Kufikia mapumziko Sudan Kusini walikuwa mbele kwa pointi 14. Ilibidi LeBron mwenyewe afunge kikapu zikiwa zimebaki sekunde nane ndipo Marekani waponee 101 kwa 100. Hiyo haikuwa mechi ya medali, na mechi ya kirafiki haiingii kwenye hesabu. Lakini iliwaonyesha wachezaji wa Ivey kwamba pengo lililokuwepo linaweza kuzibwa.

Mechi yao ya kwanza ya Olimpiki ilichezwa mjini Lille tarehe 28 Julai, dhidi ya Puerto Rico walewale. Wachezaji walisimama mstarini, mikono vifuani, wakisubiri wimbo wa taifa. Ukapigwa wimbo usio wao, wimbo wa Sudan, nchi waliyojitenga nayo. Nyuso zikabadilika, ila hakuna aliyetoka mstarini. Muziki ukakatwa, na kwa muda ukawa ukimya wa kungoja. Watazamaji wakaanza kupiga makofi, yakazidi, mpaka wimbo sahihi ulipopatikana. Kisha mechi ikaanza na Sudan Kusini wakashinda 90 kwa 79. Katika kikosi kilichoanza alikuwemo Khaman Maluach, kijana wa miaka 17 aliyekulia Uganda, ambaye mwaka uliofuata aliitwa wa 10 katika mchujo wa NBA.

Mechi mbili zilizobaki walipoteza, dhidi ya Marekani na Serbia, na safari ya Olimpiki ikaishia kwenye makundi. Katika mechi ya Marekani mfungaji wao bora alikuwa Nuni Omot, aliyezaliwa nchini Kenya katika kambi ya wakimbizi.

Sasa turudi kwenye swali. Ivey alifanya nini hasa kwa timu ya namna hiyo? Mambo matatu yanaonekana wazi.

La kwanza, alianza na ukabaji. Timu inayokutana wiki chache tu kwa mwaka haina muda wa kuzoeana katika mashambulizi ya kupangwa sana. Lakini kukaba ni bidii na mpangilio, na bidii haihitaji miezi sita ya kufahamiana. La pili, alirahisisha mchezo: mpira ukipatikana, mbio; mwenye nafasi, arushe. Wachezaji waliotoka ligi za Australia, China, Ulaya na Marekani waliweza kuuelewa mpango huo siku ya kwanza. La tatu, na hapa ndipo benchi linaporudi, alijua kuzungumza na mchezaji wa mwisho kwenye orodha. Kikosi cha watu 12 kina watu watano uwanjani na saba wameketi. Kocha aliyewahi kuwa mmoja wa wale saba anajua wanachowaza. Na inapofika robo ya nne, watano wamechoka, ni wale saba wanaoamua timu itasimama au itaanguka.

Kulea na kushawishi, ilisemwa mwanzoni, ni kazi mbili tofauti. Timu ya taifa inazitaka zote mbili kwa pamoja. Maluach alikuwa mtoto wa kulelewa. Carlik Jones, Mmarekani aliyepewa uraia na kuwa mchezeshaji wao mkuu, alikuwa mtu mzima wa kushawishiwa. Ivey alikuwa ameziona kazi zote mbili kwa karibu, moja Texas, nyingine NBA.

Mwisho, safari hii ina maana gani kwa Nairobi? Nairobi ina kitu ambacho Marekani haina: vyuo na klabu hucheza ligi moja. Katika Ligi Kuu ya Shirikisho la Vikapu la Kenya, wanafunzi wa vyuo vikuu vya Strathmore na USIU hukutana na askari wa Ulinzi Warriors na wafanyakazi wa bandari wa KPA. Siku ya mechi katika ukumbi wa Nyayo, mwanafunzi wa miaka 19 anaweza kumkaba mtu aliyevaa jezi ya taifa. Kwa kijana mwenye nia ya ukocha, hiyo ni shule mbili kwa karo moja. Kutoka lango la Strathmore, mtaani Madaraka, hadi ukumbi wa Nyayo ni mwendo wa kutembea kwa miguu.

Kinachokosekana mara nyingi ni ngazi ya katikati, ile ya Oklahoma City Blue. Mchezaji wa Nairobi akistaafu, ama hupewa timu nzima ghafla bila mafunzo, ama hupotea kabisa kwenye mchezo. Wachache hupitia miaka ya usaidizi: kukata video, kuandika takwimu, kuwafua vijana mmoja mmoja, kusomea leseni ya ukocha ya FIBA ambayo mashindano ya timu za taifa huidai. Miaka hiyo haina makofi, lakini ndiyo inayomfanya kocha. Ivey aliitumikia miaka saba kabla ya kupewa timu ya kuamua mwenyewe.

Kwa hiyo ombi kwa klabu na vyuo ni dogo, na halihitaji bajeti kubwa. Kila timu imteue mchezaji mmoja anayekaribia kustaafu, hasa yule anayekaba vizuri na kuuliza maswali mengi. Apewe daftari, aketi karibu na kocha, aulizwe maoni yake wakati wa mapumziko. Na kwa kijana ambaye mwishoni mwa wiki hii atavaa jezi pale Nyayo akijua kwamba huenda asiingizwe uwanjani, neno ni moja: asihesabu dakika, atazame mchezo.